Betri ya lithiamu ikizeeka usiifanyie mambo ya mawe ya tochi

Niko na kibanda cha kutengeneza simu hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa kumi na moja sasa, na siku hizi swali lenye naulizwa sana si la skrini wala la chaja. Ni hili: "Fundi, hii betri imefura, nitupe wapi?" Na mara nyingi mtu ananiuliza ameibeba kwa mfuko wa suruali, iko wazi hivyo, pamoja na funguo za nyumba na sarafu za ishirini, hapo moyo wangu unaruka kwanza kabla sijamjibu. Nimechoka kueleza mmoja mmoja kwa hivyo naandika yote hapa mara moja, mwenye atasoma amwambie mwingine.

Shida naona imetoka mbali. Sisi wenye tulikulia kwa tochi na redio, betri tulifundishwa na mawe, yale mawe ya paka ya Eveready, yalikuwa yanatengenezwa pale Nakuru hadi kiwanda kikafungwa 2014. Jiwe likiisha nguvu unaliuma na meno kidogo, unalianika juu ya mabati lipigwe na jua, unalirudisha kwa redio usukume nalo mpaka taarifa ya saa moja iishe. Likikataa kabisa unalitupa kwa choo ama kwa shimo la taka. Shuleni tulikuwa tunalipasua tunatoa ile nyeusi ya ndani tunapaka nayo ubao, mwalimu mwenyewe ndiye alituma. Na hakuna mtu alichomeka. Sasa tabia hizo zote, kuuma, kuanika, kupasua, kutupa chooni, tumezihamisha kwa betri ya lithiamu bila kuuliza kama ni mnyama mmoja. Si mnyama mmoja.

Jiwe la tochi ndani lilikuwa na zinki, kaboni na uji fulani wa chumvichumvi, volti 1.5 basi. Betri ya simu iko na tabaka mbili zimekunjwa pamoja, katikati kumewekwa plastiki nyembamba kuliko unywele wako ndio hizo tabaka zisigusane, na yote imeloweshwa na majimaji yenye yanashika moto kama thina ya rangi. Hiyo plastiki ikitoboka, au ikiyeyuka na joto, pande mbili zinagusana, joto linapanda, joto hilo linaamsha lingine, na ikifika hapo haingojei mtu. Ndio uone ukubwa wake piga hesabu hii: betri ya simu ya kawaida ya sasa, 5000 mAh (ndicho kipimo cha chaji inabeba), ikijaa ina nguvu ya kutosha kuchemsha kikombe kidogo cha maji ya chai. Hiyo nguvu yote ikitoka kwa sekunde chache, na juu yake yale majimaji yakiwaka, utaelewa kwa nini nyumba inaungua.

Na neno "imekufa" ndilo linatudanganya zaidi. Simu ikizima si eti betri imeisha kabisa, ni ile saketi ndogo imekataa kuendelea ikifika volti tatu na kitu, ndani bado kumebaki. Kama betri uliitoa kwa sababu imefura, inaweza hata kuwa imejaa chaji kabisa. Mimi mwenyewe ilinifunza vibaya. Nilikuwa na mkebe wa rangi, ule wa bati, chini ya meza, kila betri nimetoa kwa simu ya mteja natupa humo nikisema siku moja nitazipeleka. Siku moja nikaongeza moja ya kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nikasukuma mkebe na mguu, nikasikia kama chapati inatiwa kwa mafuta, tssss, halafu moshi mweupe, halafu moto wa kuruka. Mama wa chapo wa jirani ndiye aliniokoa na ndoo mbili za maji. Nilipoteza simu tatu za watu, nikalipa zote. Kosa lilikuwa langu mia kwa mia: mkebe wa chuma, betri wazi, zimerundikwa.

KWANZA UJUE UKO NA GANI

Geuza betri usome mgongo. Ukiona Li-ion, Li-Po, Li-polymer, ama volti 3.6, 3.7, 3.8 hivi, hiyo ni lithiamu. Ukiona LiFePO4 na volti 3.2 hiyo pia ni lithiamu, ya aina yenye haina hasira sana, ndiyo inawekwa kwa taa nyingi za sola za kulipa pole pole, lakini haimaanishi uitupe kwa moto. Ukikosa maandishi, angalia kifaa: simu zote kuanzia kabambe, laptopu, pawa benki, spika ndogo za kuimba njiani, masikio yasiyo na waya, mashine ya kinyozi yenye haina waya, pikipiki za stima. Tochi za kuchaji ni mchanganyiko, zile ndogo za chuma ziko na lithiamu ya mviringo, zile kubwa za plastiki za bei rahisi mara nyingi ziko na betri ya risasi ya volti 4, nzito kama jiwe la kusagia.

Ya risasi, pamoja na ile ya gari, haina shida ya kupata mnunuzi, watu wa skrapu wanaitafuta kwa kilo. Ila usiwape mtu wa kuiyeyusha nyuma ya nyumba. Kuna mtaa Mombasa unaitwa Owino Uhuru, watu walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, mpaka 2020 mahakama ikaamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Hiyo ni hadithi ya risasi, lakini nimeitaja kwa sababu watu wa skrapu wakikosa risasi wananunua chochote chenye kimeandikwa betri, na wanakigonga na nyundo waone ndani kuna nini. Lithiamu ukiigonga nyundo inakujibu.

Kuna pia zile ndogo kama kifungo cha shati, za rimoti na mizani na vitu vya kuchezea vya watoto, CR2032 na ndugu zake. Hizo hazichajiwi lakini nazo ni lithiamu. Zifunge na tepu pande zote mbili ukishazitoa na uziweke mbali na mtoto, yani mbali kabisa. Mtoto akimeza, ile betri inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usingoje uone kama itatoka na choo, panda boda uende hospitali usiku huo huo na uwaambie ni betri amemeza.

ANGALIA KAMA NI MZIMA AU NI MAJERUHI

Hapa ndipo kazi inagawanyika mara mbili. Betri nzima ni ile imechoka tu, haikai na chaji, lakini iko bapa vile ilitoka dukani. Majeruhi ni yenye imefura, imebonyea, imetoboka, inavuja, inapata joto ikiwa imekaa tu, ama inatoa harufu tamu tamu kama ya kutoa rangi ya kucha. Hiyo harufu ukiisikia ujue ngozi imeshapasuka. Iweke nje kwanza, maswali baadaye.

Njia rahisi ya kujua kufura kwa zile za kabambe ni kuiweka mezani na kuizungusha na kidole. Ikizunguka kama pia, imefura. Kwa simu zenye hazifunguki utaona skrini imeanza kuinuka upande mmoja, ama mgongo umeachana, na kwa laptopu ile sehemu ya kugusa na kidole inakataa kubonyea.

Juzi mama mmoja wa mitumba alikuja na simu mgongo umeinuka kama mandazi.

"Fundi, si ni hewa tu iko ndani? Nitoboe na sindano itoke nifunge na gundi?"

"Mama usijaribu. Hiyo si hewa ya mpira, ni gesi ya yale majimaji yakioza, inashika moto na ukiivuta inakuumiza. Na sindano ni chuma, ikiingia inagusanisha pande zote mbili."

"Lakini kijana wa pale chini alinitobolea ya kwanza na haikufanya kitu."

Ni kweli wakati mwingine haifanyi kitu. Unaweza pia kuvuka barabara ya Nairobi ukiwa umefunga macho na ufike. Nilimwambia hivyo akacheka, akaniachia simu.

Basi sheria ya majeruhi ni fupi. Usiichaji tena hata dakika moja, usiibonyeze irudi bapa, usiitoboe, usiilalie. Kama imeanza kufura ndani ya simu na simu bado inawaka, hamisha picha na namba zako haraka bila kuiweka kwa chaja, halafu uizime.

JINSI YA KUITAYARISHA

Kama ni nzima, imalize chaji kwanza. Usitafute maarifa mengi, washa tochi ya simu, weka mwangaza wa skrini juu kabisa, acha ijizime yenyewe. Pawa benki iache ichaji simu mpaka taa zake zote zizime. Ile ya mviringo ya tochi iache ndani ya tochi iwake mpaka ififie. Betri yenye haina chaji ikipata ajali inawaka kwa unyonge, yenye imejaa inaruka. Majeruhi usiifanyie hivi, iache vile iko.

Kuna watu wanasema utie betri kwa maji ya chumvi imalizike yenyewe. Nimeona vijana wanafanya. Kile kinatokea ni kwamba chumvi inakula zile ncha za chuma kwanza, zinaoza, na betri inabaki na chaji ndani huku hakuna pa kuitolea, na pale juu inatoa gesi zenye hutaki kwa pua. Ukiniuliza mimi, acha hiyo.

Kuitoa kwa kifaa: kama ni ya kabambe yenye inatoka na kucha, itoe. Kama imebandikwa na gundi ndani ya simu, usichukue kisu cha jikoni ukaanza kuchimba, nimeona betri imeshika moto mkononi mwa mtu kwa sababu ya ncha ya kisu. Peleka simu nzima vile iko. Sisi mafundi tunatumia spiriti kulainisha gundi halafu tunasukuma na kadi ya plastiki, pole pole, na bado tunatoa jasho. Na usisahau laini yako na memori kadi, na uifute simu data yote kama bado inawaka, si lazima mtu asome meseji zako za chama.

Halafu tepu. Hii ndiyo kazi kubwa kushinda zote na ndiyo rahisi, tepu nyeusi ya stima ya shilingi hamsini inatosha mwaka mzima. Ziba kila mahali chuma inaonekana. Betri ya kabambe ziba zile meno tatu nne za rangi ya dhahabu. Ya mviringo ziba juu na chini, kote kuwili, kwa sababu ile ya mviringo mwili wake wote ni upande wa hasi, ngozi ya plastiki ikichubuka kidogo tu imeshakuwa wazi. Ya laptopu ziba ile soketi. Yenye ina waya usikate waya mbili kwa pamoja na koleo, hapo umeigusanisha mwenyewe, ziba kila waya mbali. Selotepu ya karatasi inafanya kazi ukikosa nyeusi, ile karatasi ya fedha ya kufunga nyama choma usiikaribishe kabisa.

Kila betri iwe na mfuko wake, hata kama ni bahasha. Halafu ziweke kwa chombo chenye si chuma. Ndoo ya plastiki ya mafuta ya kupikia iliyooshwa ikakauka ni sawa, chungu cha udongo ni bora zaidi na sokoni Kibuye siku ya Jumapili utakipata kwa bei ya kawaida. Mimina mchanga mkavu wa ujenzi chini, panga betri ya kwanza, mchanga, ya pili, mchanga, zisigusane. Mchanga wenye umetoka ziwani jana ukiwa bado na maji hapana, uanike kwanza. Mchanga hauzimi moto wa lithiamu, huo ujue, kazi yake ni kuzuia moja isichome jirani yake na kukupa wewe nafasi ya kukimbia.

Majeruhi iwe na chombo chake peke yake, mchanga chini na juu, na kifuniko kikae tu bila kukazwa, kwa sababu ikitoa gesi ndani ya ndoo iliyofungwa umetengeneza bomu la nyumbani.

Chombo kikae wapi? Nje, kwa kivuli, juu ya simiti, mbali na mlango wenye mtatokea mkikimbia. Si kwa stoo na mtungi wa gesi, si chini ya kitanda, si jikoni karibu na makaa. Na Kisumu yetu hii mchana nyuzi 30 ni kawaida, chini ya mabati joto linazidi hapo, kwa hivyo juu ya paa na kwa dashibodi ya gari pia hapana. Na usiziweke miaka. Mwezi, miezi miwili, uzipeleke.

HII MAMBO YA KUIFUFUA

Nitasema ukweli hata kama mafundi wenzangu watanuna. Kuna mchezo wa kubusti, betri imekataa kuchaji kwa sababu imeshuka sana, fundi anachukua waya mbili anaigusisha na betri nyingine au na chaja moja kwa moja, dakika mbili, inaamka, mteja anafurahi, analipa mia. Shida ni hii, betri ya lithiamu ikikaa chini ya volti mbili kwa muda, shaba yenye iko ndani inaanza kuyeyuka kwa yale majimaji, na ukiichaji tena hiyo shaba inajenga mahali pengine kama kutu yenye mikono, inatafuta upande wa pili. Leo itakubali. Itakuja kukataa usiku wa manane ukiwa umeiweka kwa chaja karibu na neti. Nikipima na mita nikute chini ya 2, mimi siifufui, naiziba tepu.

Kutumia tena seli za laptopu zenye bado ziko sawa si dhambi, laptopu ikikataa mara nyingi ni seli moja au mbili zimekufa kati ya sita, zingine bado ziko na maisha, na kuna vijana wanatengeneza nazo pawa benki na taa nzuri kabisa. Lakini wale wenye wanajua wanapima kila seli, wanaziacha wiki mbili waone kama volti inashuka yenyewe, na wanaweka saketi ya kulinda. Yenye ilikuwa inapata joto ikichaji haiingii. Ukiona mtu anauza pawa benki ya seli zilizounganishwa na gundi moto na waya wa kengele, mwambie asante.

Na usifikirie kampuni kubwa hazikosei ndio uogope tu za mtaani. 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, ile ile ya kabambe yenye leo unaikuta kwa redio ndogo sokoni, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikichajiwa. 2016 Samsung ikaita simu zake zote za Galaxy Note 7 zirudi. Hao ni watu wenye maabara. Sisi tuko na mita ya mia nane na meza ya mbao.

MAHALI USITUPE

Choo cha shimo. Najua, ndiko vitu vyote vinaenda nyumbani. Lakini choo kinatoa gesi yenye inawaka, na mitaa kama Nyalenda na Manyatta visima viko hatua chache kutoka kwa choo, maji ya chini yako karibu, chochote umetupa huko utakutana nacho kwa ndoo.

Shimo la taka la nyuma ya nyumba, lenye jioni linawashwa kiberiti. Betri ndani ya moto inarusha vipande na ule moshi una asidi kali inachoma mapafu, na wenye wanasimama karibu wakiangalia moto ni watoto.

Gunia la kijana wa kuzoa taka. Huyu anatuumiza roho sana kwa sababu yeye ndiye anabeba kosa la ploti nzima. Anabeba gunia mgongoni, anakanyaga taka zishikane kwa mkokoteni, zikifika jaani kuna mwenzake anachambua na mikono mitupu. Jaa letu la Kachok lilifuka moshi miaka mingi na kila mtu Kisumu anakumbuka, Nakuru wako na Gioto yao. Kama lazima umpe yeye kwa sababu ndiye anajua mahali pa kupeleka, mpe mkononi, imezibwa, umwambie "hii ni betri", usiifiche ndani ya maganda ya ndizi.

Ziwani. Wavuvi wa omena zamani walikuwa na karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wako na taa za LED za kuchaji, na taa ikiingia maji usiku inatupwa majini ama inaletwa ufuoni Dunga inaanikwa juu ya mabati ikauke. Taa yenye imelowa ndani usiiweke kwa chaja hata ikiwaka vizuri asubuhi, kutu inaendelea kula ndani kwa ndani. Kama ni ya kukodi, rudisha kwa wenyewe vile iko na useme imeingia maji.

SASA UPELEKE WAPI

Anza na mwenye alikuuzia. Kenya tuko na sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022, na kanuni zake za 2024, zinasema mwenye anatengeneza ama kuingiza bidhaa nchini ndiye anawajibika nayo hata ikishakuwa taka. Kwa hivyo ukiingia duka la simu ukiuliza "mnapokea betri za zamani?" huombi msaada. Wengine watakuangalia kama umepotea njia, uliza tu, uliza tena. Kampuni za taa za sola za kulipa pole pole ziko na maajenti kila soko, mwambie ajenti mwenye alikuandikisha. Pikipiki za stima za kubadilisha betri, betri si yako hata kidogo, ni ya kampuni, hata ikianguka ikabonyea usiipeleke kwa fundi, irudishe kituoni na useme imeanguka.

Maduka ya Safaricom yamekuwa yakipokea taka za elektroniki, simu nzee na betri zake, halafu zinaenda WEEE Centre Nairobi, hao ndio watu wa kufumua hizi vitu kwa njia ya sawa. Pitia duka lenye liko karibu na wewe uulize kabla hujabeba ndoo nzima. Ukiwa na majeruhi mwambie mtu wa kaunta kabla hujaitoa, usiitumbukize tu kwa sanduku pamoja na zingine.

Wenye mnaishi mbali, Mumias, Busia, Kitale, fanyeni pamoja. Shule, kanisa, ama fundi mmoja wa soko awe na chungu cha mchanga, ikifika kiasi mtu mmoja anapeleka. Mimi nakusanya za mafundi sita wa hapa Kondele, na nauli tunagawana.

Njia ya kusafirisha: usifunge betri kwa parseli ya basi ukaandika "nguo". Parseli zinarundikwa chini ya basi, juu yake gunia la viazi, na watu sitini wanalala hapo juu. Sema ni betri za zamani, na kama wanakataa wana haki. Majeruhi isiingie parseli kabisa. Kwa ndege ndio usijaribu, betri yenye imeharibika haipandi, na hata pawa benki nzima lazima uibebe na wewe juu, si kwa mzigo wa chini, na isizidi wati saa 100. Hesabu yake ni rahisi, 20,000 mAh mara volti 3.7 gawa kwa 1000 unapata wati saa 74, iko chini ya 100, inaruhusiwa.

IKIWAKA

Itakuonya kidogo. Inafoka, inatoa moshi mweupe, inapiga kama bisi. Ikiwa kwa chaja zima soketi, ama zima stima ya nyumba yote kama soketi iko karibu na moto. Usiishike na mkono, hata na taulo. Kama bado inafoka tu na iko karibu na mlango, isukume nje na koleo ya shamba ama fagio, ifike kwa simiti. Kama moto umeshatoka toa watu kwanza, fungueni madirisha, msivute huo moshi.

Watu wanaogopa kumwaga maji wakisema lithiamu na maji inalipuka. Hiyo ni lithiamu tupu ya chuma ya maabara. Betri ya simu na laptopu ikiwaka, maji mengi ndio dawa yake kwa sababu shida ni joto, na maji yanapunguza joto. Si kikombe, ni ndoo, na ndoo ingine. Kiasi kidogo hakifanyi kitu. Na ikizima usiiamini, inaweza kuwaka tena baada ya saa moja kama hakuna kitu kilitokea, itumbukize kwa ndoo ya maji huko nje ilale mpaka kesho yake. Kama moto umeshika kitanda ama pazia achana na ushujaa, piga 999 ama 112, na uwaambie majirani wa ukuta mmoja.

Ile maji ya ndoo usimwagie sukuma wiki wala kuku wasinywe. Betri iliyoungua ikishapoa itoe na koleo, ikaushe kivulini, iweke kwa chungu chake na mchanga, uipeleke kama majeruhi wengine, na ule mchanga wenye umeguswa na moto uende nayo, usiurudishe kwa fungu la ujenzi. Nawa mikono na sabuni. Nunua tepu ingine.